Fundo la Mkono Mmoja

Kama umekuja kujitolea hapa kwa sababu unapenda farasi, rudi nyumbani kwanza, ukaogope kidogo, kisha urudi. Sikutanii. Wapenzi wa farasi nimewaona wengi. Wanakuja na simu, wanapigwa picha wakimkumbatia shingo, na siku farasi anapomkanyaga mmoja wao mguu hatumwoni tena. Mimi nilikuja nikiogopa, nimestaafu nikiogopa, na hapo katikati nimeshika mapaja ya watoto ambao leo wanaota ndevu.

Najua mnaniita Mama Woga mkidhani sisikii. Nasikia. Wala jina hilo si lenu, alinipa Papa Donat, mzee aliyeanzisha kituo hiki hapa Likasi, kwenye njia ya Buluo, akiwa na farasi watatu waliobaki katika shamba lililofungwa. Siku hizo nilikuwa nauza mikate ya mafuta nje ya ua. Asubuhi moja akaja mpaka kwenye beseni langu.

"Mama, kuya utusaidie kidogo. Tunakosa muntu moja."

"Minye? Kwa ile nyama? Itanikula!" nikasema, nikimwonyesha farasi kwa kidole.

"Haikulaka bantu, mama. Inakulaka majani, na kama hauangalie, mikate yako."

Nikaingia kwa aibu tu, kwa sababu wazazi walioleta watoto wao walikuwa wananitazama. Wengi wetu tumeingia kwenye kazi zetu kwa mlango huo, ila hatupendi kusema.

Kazi yenyewe mnaijua sasa, lakini nirudie kwa aliyefika leo. Mtoto mwenye ulemavu anapanda farasi, na chini wanatembea watu watatu. Mmoja anashika kamba kichwani kwa farasi. Wawili ni watu wa pembeni, mmoja kushoto, mmoja kulia, kila mmoja ameweka mkono juu ya paja la mtoto. Usimbane. Mkono ukae pale kama unavyozuia karatasi isipeperuke. Farasi anatembea, na mwendo wake unaingia kwenye nyonga za mtoto, unamtembeza mtu ambaye miguu yake haijawahi kumtembeza. Hakuna dawa nyingine ndani yake. Ni kutembea tu, na joto la mgongo wa farasi.

Siku yangu ya kwanza niliwekwa pembeni ya Madmazeli. Alikuwa farasi jike mzee, rangi ya shaba, na Papa Donat alisema hatumwiti Madame kwa sababu hajawahi kuolewa. Nilipoweka mkono wangu nikabana pumzi, na Madmazeli akasimama. Akavutwa, akakataa. Masikio yake mawili yakanigeukia mimi.

"Mama, pumua," Papa Donat akasema. "Kama weye haupumue, yee anazania kuko simba."

"Lakini niko naogopa!"

"Ogopa. Kuogopa haiko mubaya. Kuficha njo mubaya. Sema niko naogopa, alafu utoe pumuzi yote."

Nikasema kwa sauti, mbele ya wazazi wote, kwamba naogopa. Nikapumua. Madmazeli akapiga hatua. Tangu siku hiyo sijawahi kuingia uwanjani bila kulisema neno hilo kwanza, na ninyi mnaocheka mkinisikia nikinong'ona pale getini, mlidhani nasali. Nasali pia, lakini baadaye.

Mambo mengine nimejifunza kwa kuumia. Farasi anapofungwa mkanda wa tumboni, anajaza tumbo hewa, mjanja kabisa. Unakaza, unaridhika, na baada ya muda anaitoa ile hewa na tandiko linazunguka kama kofia kwenye kichwa cha mlevi. Kaza, mtembeze, kisha kaza tena. Kwato zisafishwe kabla ya kupanda na baada ya kushuka, maana udongo wetu huu una vile vijiwe vya kijani vya shaba, na kimoja kikikwama kwenye unyayo wa farasi, atachechemea, na mtoto aliye juu atachechemea naye. Usipite nyuma yake bila kumgusa na kumsemesha. Mimi nilipita mara moja, na nikapata alama ambayo siwezi kuwaonyesha hapa mbele ya watu.

Kofia tulizokuwa nazo mwanzoni zilikuwa zile ngumu za mgodini. Wajomba na baba za watoto waliofanya kazi kwenye shaba kule Shituru walituletea zilizochakaa, tukazifunga na kitambaa kidevuni. Mtoto mdogo chini ya kofia ile alionekana kama anaenda kuchimba. Zilipokuja kofia za kweli za wapanda farasi, watoto wengine walilia wakitaka zile za njano. Tandiko nalo tulilibadilisha. Siku hizi mnatumia blanketi na mkanda wenye kishikio laini, lakini sisi tulikuwa na tandiko la ngozi lenye kishikio cha chuma mbele. Likumbukeni hilo tandiko.

Sasa niwaambie habari ya Béni.

Béni aliletwa na mama yake kutoka Shituru, akiwa mgongoni. Alikuwa na miaka tisa, lakini mama alimbeba kwa kitenge kama mtoto mchanga, miguu imekakamaa na kupishana kama mkasi uliofungwa. Mama huyo alikuwa mwembamba kuliko mimi mara mbili, sijui nguvu alizitoa wapi. Alituambia jambo moja tu alilotaka, na hakutaka muujiza. Alitaka miguu ya mtoto iachane kidogo, aweze kumwogesha bila kumliza. Kila siku kumwogesha kulikuwa vita, na mtoto anavyokua vita vilizidi kuwa vikali.

Tukampandisha juu ya Madmazeli. Mara ya kwanza miguu haikukubali, tukamkalisha kando kando. Lakini majuma yakaenda, na lile joto la mgongo wa farasi likafanya kazi yake, na asubuhi moja nilikuwa nimeshika paja lake la kushoto nikalisikia linalegea chini ya kiganja changu. Lililegea lenyewe. Nikalia pale pale nikitembea. Mama yake alipomwogesha jioni ile, Béni alikuwa anacheza na maji. Mama huyo alikuja kunieleza mwenyewe, akirudia rudia, "Anacheza na mayi, mama! Anacheza na mayi!"

Ndiyo maana nilibaki, wanangu. Si kwa ajili ya farasi.

Lakini mama yake aliogopa. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na woga wake vilevile. Alisimama nje ya ua akishika waya kwa mikono miwili, na kila Madmazeli alipotikisa kichwa, yeye alitikisika. Aliwahi kumwuliza Papa Donat kwa nini mtoto hafungwi kwenye tandiko, kwa kuwa hawezi kujishika.

"Hapana, mama," Papa Donat akamjibu. "Farasi akianguka, aanguke peke yake. Tusimupatie muntu wa kuanguka naye."

Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya kituo hiki, na ipo mpaka leo. Hatumfungi mtu kwa farasi. Jambo likiharibika, mtu wa pembeni anamkumbatia mtoto kiunoni, anamvuta kwake, na farasi anapita zake. Mama Béni alisikia, akaitikia kwa kichwa. Lakini kuitikia ni kwa kichwa, na woga haukai kichwani.

Ilikuwa majira ya baridi, ile baridi yetu ya asubuhi inayowafanya watoto wa Likasi watoe moshi mdomoni. Béni alikuja amevaa jaketi kubwa la mjomba wake, limefika mpaka magotini. Tulimpandisha kutoka kwenye jukwaa la kupandia. Mama yake alipanda jukwaani pamoja naye akamrekebishia jaketi, akafunga zipu mpaka shingoni, akambusu, akashuka. Papa Donat alikuwa kwenye kamba. Kulia alikuwepo mwalimu mmoja wa shule aliyekuja kujitolea. Kushoto nilikuwa mimi. Nikasema neno langu, naogopa, nikatoa pumzi, tukaanza.

Barabarani, karibu kabisa na ua, ilikuwa inapita kinga ya makala, baiskeli ya kubebea mkaa. Mnazijua baiskeli hizo, magunia yamepangwa mpaka mwenye baiskeli haonekani, anasukuma tu. Na tairi la kinga hiyo likapasuka.

Sijawahi kusikia bunduki karibu namna ile, na kwa masikio ya farasi ilikuwa bunduki. Madmazeli, yule bibi mpole, aliruka pembeni na miguu yote minne. Bega lake likampiga Papa Donat kifuani, akaanguka na kamba ikamtoka. Mwalimu akasukumwa na nyonga ya farasi, akaketi vumbini. Nikabaki mimi, na Madmazeli anaanza kukimbia.

Niliogopa. Nataka mlisikie neno hilo lilivyo, siyo kama mnavyolisikia nikitania getini. Mwili wangu wote uliniambia, achia, kaa chini, jifunike kichwa, na nyumbani kwetu tuliambiwa tangu utotoni kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Nilitaka kuutii ule msemo kuliko nilivyowahi kutaka mkate. Lakini mkono wangu ulikuwa umeshamzunguka Béni kiunoni, nikavuta kama tulivyofundishwa.

Hakuja.

Nikavuta tena, nikikimbia. Alikuja nusu, kisha akarudi, kama gunia lililoshikwa na msumari. Uso wake ulikuwa karibu na wangu, macho makubwa, hapigi kelele. Mbele yetu nikauona mtaro wa maji ya mvua ulioko nyuma ya waya, mkavu, wenye mawe, na Madmazeli anaelekea huko huko. Nikaingiza mkono chini ya jaketi, na vidole vyangu vikakuta kitambaa. Kitenge kilikuwa kimezunguka kiuno cha mtoto, kimepita ndani ya kile kishikio cha chuma, na kurudi.

Mama yake alikuwa amemfunga.

Farasi akianguka, mtoto ataanguka naye, chini yake, na mimi nitakuwa nimeshika jaketi tu.

Sasa ninyi wasichana mnaobeba watoto kwa mikoba yenye klipu kifuani, sikilizeni. Sisi mama zenu tunafunga kitenge juu ya matiti, na fundo letu lina mkia mfupi unaobaki nje. Tunauacha kwa makusudi. Mtoto akiwa mgongoni, mkono mmoja daima uko chini ya makalio yake, kwa hiyo fundo lazima lifunguke kwa mkono mmoja uliobaki. Unavuta mkia mfupi, siyo mrefu. Ukivuta mrefu linajikaza. Hakuna aliyetufundisha kwa maneno. Mama zetu walifunga hivyo, nasi tukafunga hivyo.

Nikawaza, yule mama, kwa haraka, kwa woga, amefunga fundo gani? Hakuwa na muda wa kuwaza fundo. Mikono yake ilifunga lile inalolijua. Nikapitisha mkono wangu wa kushoto chini ya makalio ya Béni, kama mtoto wangu mwenyewe, na kwa wa kulia nikatafuta fundo. Lilikuwa ubavuni. Nilikuta mikia miwili. Nikaushika mfupi, nikatoa pumzi yote niliyokuwa nayo, nikavuta.

Béni akanijia kifuani na uzito wake wote, tukaanguka chali vumbini. Kwato zikapita. Kisha nikasikia waya unakatika, na kishindo, na mlio wa farasi ambao bado huniamsha. Madmazeli alikuwa ameangukia mtaroni kwa ubavu. Kile kishikio cha chuma kilipinda mpaka kikalala juu ya tandiko, pale pale ambapo tumbo la mtoto lingekuwa.

Béni alikuwa juu yangu, anahema. Maneno yake huwa yanatoka polepole, moja moja. Lililotoka kwanza lilikuwa, "Mad... mazeli?"

Madmazeli aliinuka mwenyewe, akajikung'uta, akachechemea mpaka bandani bila kuongozwa na mtu. Papa Donat alikuja akishika mbavu zake. Mama Béni naye alikuja, lakini hakukimbilia kwa mtoto. Alikwenda kwanza pale kitenge kilipoanguka. Akakiokota, akakikunja vizuri kama kimetoka kufuliwa, na ndipo akaketi chini.

"Nilimufunga sawa vile namubebaka ku mugongo," akasema. "Ku mugongo hajaangukaka hata siku moja."

Hakuna aliyemgombeza. Mwalimu alianza kufungua mdomo, Papa Donat akamtazama, akaufunga. Mama akambeba mtoto wake, kwa kitenge kile kile, wakaondoka kuelekea Shituru. Hawakurudi juma lile, wala lililofuata, wala majira yale yote ya baridi.

Nitawaambia ukweli wa moyo wangu. Nilifurahi. Kila asubuhi nilipoona hawapo, nilipumua. Nilisema moyoni, huyu hatakufa mikononi mwangu. Halafu, mvua za kwanza zilipokuwa zinakaribia, nikaenda kwao kuwasalimu. Niliwakuta uani, wakati wa kuoga. Nilisikia kilio kabla sijafika mlangoni. Miguu ya Béni ilikuwa imerudi kuwa mkasi. Mama alikuwa anajaribu kuiachanisha kwa mikono yenye sabuni, naye mwenyewe analia, na wote wawili walikuwa wamelowa.

Tukamaliza kumwogesha pamoja. Kisha akakaa mbele yangu.

"Mama, weye ungekuwa minye, ungemurudisha?"

Ningeweza kumdanganya. Ningemwambia Madmazeli amepona, waya tumeuongeza, kishikio cha chuma tumekitupa, na yote yangekuwa kweli, lakini haikuwa hilo aliloniuliza.

"Minye niko naogopa kupita weye," nikamwambia. "Nikimuona tena juu ya ile farasi, nitaogopa kila siku, mupaka nikufe. Lakini nilimusikia namna analia sasa hivi. Mukuye tu. Tutaogopa pamoja."

Akasema, "Nitakuya. Lakini mutaangalia mikono yangu minye mwenyewe, juu itataka kumufunga tena."

Wakaja. Na hapo ndipo ilipoanza ile desturi mnayoiona pale jukwaani, ambayo wageni hudhani ni mambo ya kanisa. Kabla mtoto hajapanda, jaketi linafunguliwa mbele ya wote. Mama yake, au baba, au bibi, anapitisha mikono yake mwenyewe kiunoni mwa mtoto, mbele na nyuma, aone kwamba hakuna kitu. Kisha anasema kwa sauti anachoogopa siku hiyo. Wengine husema kuanguka. Mama mmoja alisema anaogopa mtoto atapenda farasi kuliko yeye, tukacheka mpaka farasi akashangaa. Halafu sote tunatoa pumzi. Msiiache desturi hiyo hata mkiwa na haraka, hata mvua ikiwa inakuja. Woga ambao haujasemwa lazima ufunge kitu mahali fulani.

Papa Donat tulimzika, Mungu amrehemu. Madmazeli naye alikufa kwa uzee, bila kuolewa. Mimi magoti yangu yalianza kukataa kugeuka kwenye kona za uwanja, na mtu wa pembeni asiyeweza kugeuka ni hatari. Nikaambiwa nichague atakayechukua nafasi yangu upande wa kushoto wa Béni, ambaye sasa ni kijana mwenye sauti nzito na amepanda farasi mwingine, mkubwa kuliko Madmazeli. Nikamchagua mama yake. Watu walishangaa. Nikawaambia, mtu anayejua mikono yake inaweza kufanya nini ndiye ninayemwamini.

Siku hiyo nilisimama nje ya ua, pale pale alipokuwa akisimama yeye. Nikashika waya. Wakaanza, mkono wa mama juu ya paja la mwanawe, kile kitenge amekifunga kiunoni mwake mwenyewe. Walipofika kona ya mbali, iliyo karibu na mtaro, nilimwona Béni anainama kidogo kumwelekea, maneno yanatafuta njia. Upepo ulikuwa unakuja upande wangu, nikasikia.

"Mama. Acha."

Aliendelea kushika. Nilimwona anaogopa, mabega yalimpanda mpaka masikioni. Kisha akatoa pumzi, mpaka mgongo wake ukashuka, na mkono ukaondoka kwenye paja la mtoto, ukabaki hewani karibu naye, wazi. Mtu wa kulia naye akainua wake. Béni alikuwa amekaa wima, peke yake. Farasi akageuka kona akiwa amembeba Béni, na hakuna mkono uliomshika.

Wanangu, nimeogopa miaka yangu yote hapa, lakini daima nilikuwa nimeshika kitu. Siku ile mikono yangu ilikuwa kwenye waya, na ya Mama Béni ilikuwa wazi, na mimi nikajikuta nimeuachia waya, navuta pindo la kitenge changu, nautafuta ule mkia mfupi unaofungua fundo.